Niko Mezani

Soksi ya mguu wa kushoto ilikuwa na tundu, na kidole gumba kilikuwa kimetoka nje kizima. Naanza na soksi kwa sababu ndiyo iliyoonwa na watu wengi kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kumiliki. Picha ilipigwa kutokea mlangoni, kwa hiyo nyayo ziko mbele, kubwa, magoti yamekunjwa hewani, mkono mmoja umenyooshwa kuelekea darini, na uso hauonekani. Chini ya picha mtu ameandika: "Ndugu yetu amelala Kagondo. Tumuombee." Asubuhi ya leo nimekwenda kununua vocha, na muuzaji akanitazama miguuni kwanza ndipo akanipa pole.

Nilikuwa mzima wa afya, ukiondoa kiuno. Nilikuwa nafanya mazoezi ya hicho kiuno, saa ya chakula cha mchana, nyuma ya meza yangu ya ofisi, juu ya boksi la karatasi nililolikunjua sakafuni. Waliolibuni zoezi lenyewe wamelipa jina la mdudu aliyekufa, na hawakulionea. Unalala chali, mikono juu, mapaja yamesimama wima na magoti yamekunjwa. Halafu unashusha mkono wa kulia pamoja na mguu wa kushoto, taratibu, huku unatoa pumzi ndefu, na sehemu ya chini ya mgongo hairuhusiwi kuachana na sakafu hata kidogo. Ukimaliza unabadilisha upande. Anayekuangalia kutoka darini ataona mtu anayejali afya yake. Anayekuangalia kutoka mlangoni ataona mtu anakata roho.

Mlangoni alitokea bibi mmoja aliyekuja kufuatilia mhuri wa barua yake. Nasikia alibisha hodi mpaka akachoka, kwa adabu zote, wakati mimi nahesabu pumzi. Akasukuma mlango, akaona nyayo mbili zinatetemeka angani na mkono unashuka polepole, na hakuwa na sababu hata moja ya kufikiria mazoezi.

"Waitu! Mtoto wa watu anakufa!"

Sauti ile ilivuka ukuta, ikavuka uwanja, ikafika kijiwe cha bodaboda. Nilishtuka, nikajipinda kutaka kuinuka haraka, na hapo hapo kiuno kikakamata. Aliyewahi kukamatwa na kiuno anajua kwamba maumivu ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni katazo. Mbele huendi, nyuma hurudi, unabaki pale pale ulipokutwa. Kwa hiyo wote waliofika walimkuta mtu amelala chali, mguu mmoja juu, jasho linamtoka, anasema kwa sauti ya kukabwa, "Niko salama, bibi, nafanya mazoezi," na hainuki.

"Wanasemaga hivyo hivyo," akasema mlinzi.

Chumba kikajaa. Mtu wa masijala alikuja na kalamu sikioni. Vijana wa bodaboda walikuja na helmeti zao. Mama wa maandazi alikuja na ndoo yake, kwa sababu ndoo ya maandazi haiachwi nje hata kwa msiba. Wa chumba cha pili wao walikimbilia uwanjani bila kuuliza. Tangu tetemeko la Septemba 10, 2016, ukisikia ukelele ndani ya nyumba hapa Bukoba unatoka kwanza, maswali baadaye, na siwalaumu, maana jengo letu bado lina ufa wa siku ile ambao tumeufunika kwa kalenda.

Kila mmoja alikuwa na ugonjwa wake wa kunipa. Bibi alisema kifafa. Mlinzi alisema presha, tena ya kushuka. Mama wa maandazi alishusha sauti, ile ya kushushwa ili isikike na wote, akasema huyu katupiwa kitu, kisha akauliza kama si mimi niliyekuwa na mgogoro wa mpaka wa kibanja cha migomba na jirani. Kijana mmoja wa bodaboda alipendekeza nikunjuliwe. Alitumia neno hilo hilo, nikunjuliwe, akashika kifundo cha mguu, na bila yowe nililotoa angekuwa ameshaanza kazi. Bibi naye, kwa huruma, alikuwa amechukua kijiko cha sukari kwenye trei ya chai na anatafuta njia ya kukipitisha katikati ya meno yangu. (Mwenye kifafa hawekewi kitu mdomoni, kijiko wala kingine, anageuzwa ubavu na kuondolewa vitu vinavyoweza kumgonga. Nilitaka sana kumweleza hivyo, lakini kueleza kulihitaji kufungua mdomo, na mdomo kufunguka ndicho alichokuwa anakisubiri.)

Hapa kwetu mtu akilala chini si mali yake tena. Aliyesimama unamsalimia na kumpita. Aliyelala kila mtu ana haki naye, ana maoni juu yake, ana jamaa wa kumpigia simu. Kijana wetu wa mafunzo kwa vitendo ndiye aliyepiga picha, kwa nia njema, akaiweka kwenye kundi la WhatsApp la ofisi. Kutoka huko kufika kundi la ukoo haikuchukua muda wa kuchemsha chai, maana katika mkoa huu hakuna makundi mawili yasiyokuwa na mtu mmoja anayeyaunganisha, na mtu huyo huwa yuko hewani saa zote.

Sasa, Kagera ina Kagondo mbili. Moja ni kata ya Manispaa ya Bukoba, ndiko nilikokuwa nimelala. Nyingine iko Muleba, na ina hospitali ambayo nusu ya ukoo wetu walizaliwa humo na nusu iliyobaki wameuguza humo. Ukimwambia mtu wa Muleba kwamba fulani amelala Kagondo, haulizi ni kitongoji gani. Anauliza ni wodi gani.

Shangazi yangu hakusoma ujumbe mara mbili. Alichukua shuka, chupa ya chai, ndizi za kupikwa zilizofungwa kwenye jani zikiwa bado na moto, akapanda Hiace na baba mdogo, pamoja na binti wa jirani wa kusaidia kubeba. Walifika hospitali, wakauliza vizuri, wakajibiwa vizuri, daftari likafunguliwa, simo. Wakaomba kuzunguka wodi ya wanaume kitanda kwa kitanda, wakaruhusiwa, simo. Nasimuliwa kwamba wagonjwa wawili waliofunuliwa shuka ili watazamwe uso walipewa chai ya kuombwa radhi, na mmoja akaomba na ndizi. Ndipo baba mdogo, ambaye katika ukoo wetu ndiye hukabidhiwa kusema lisilosemeka, akauliza kwa sauti ya chini kama kuna mahali pengine wanapowekwa watu.

Wakati huo mimi nilikuwa nimeshanyanyuliwa, nimeketishwa kwenye kiti kile kile kilichonifikisha hapo, na simu ikaita.

"Uko wapi, mwanangu?" Shangazi analia.

"Niko mezani, shangazi."

Kimya. Nikamsikia anawageukia wenzake: "Yuko mezani. Wanampasua."

Laini ikakatika. Nilipiga, ikaita bila kupokelewa; nikapiga tena, inatumika; nikapiga kwa baba mdogo, haipatikani. Ilinichukua hadi jioni kufufuka rasmi, na hata hivyo wapo ndugu wa Ngara na Karagwe ambao bado wananihesabu kwenye orodha ya wagonjwa.

Bibi alistahili maelezo, na kwa kuwa siku ile kijiko kilinizuia, nayatoa hapa.

Kiuno cha binadamu kina pingili tano, moja juu ya nyingine, kati yake kuna diski. Manohar Panjabi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichukua viuno vya watu waliokwisha kufariki, wakaondoa misuli yote, wakabakiza mifupa, diski na kano, halafu wakaanza kuvitwisha mzigo. Matokeo yakachapishwa mwaka 1992: nguzo hiyo ikifika takriban kilo tisa inapinda na kushindwa. Tisa! Mkungu wa ndizi wa kupeleka ukweni bila aibu unazidi hapo mara mbili, na wapo mama zetu wanaoshuka nao kilimani kichwani huku wanasalimiana na kila wanayepishana naye. Anayebeba hapo si mfupa. Mwenye kibanja analielewa jambo hili bila maabara: mgomba uliozaa haujisimamii, unaegemezwa kwa miti, na upepo wa usiku ukiangusha mti mmoja, asubuhi mkungu uko chini. Pingili ni mgomba. Misuli ndiyo miti.

Na miti yenyewe imepangwa kwa akili. Upo msuli wa ndani kabisa wa tumbo, wataalamu wanauita transversus abdominis, unaozunguka kiwiliwili kwa mlalo kutoka mgongoni hadi mbele. Nyuma ipo misuli mifupi iliyojishikiza kwenye pingili zenyewe. Juu kimefunika kiwambo cha kupumulia, chini ipo misuli ya sakafu ya nyonga. Ikikaza yote kwa pamoja, vilivyomo tumboni vinabanwa kila upande, na kubanwa huko ndiko kunakokipa kiuno uimara. Mchukuzi wa magunia stendi hajasoma haya, lakini mtazame: kabla ya kunyanyua, anazuia pumzi.

Kilichoninyima usingizi ni utafiti wa Paul Hodges na Carolyn Richardson, wa Australia, uliotoka mwaka 1996. Waliwachoma watu nyaya nyembamba kwenye misuli ya tumbo, wakawaambia: ukiona ishara, inua mkono haraka. Basi, hakuna zaidi. Kwa watu wasio na maumivu ya kiuno, ule msuli wa ndani wa tumbo ulifanya kazi kabla ya msuli wa bega unaoinua mkono. Soma tena hapo. Mkono haujaondoka, tumbo limeshajiandaa. Kila unaponyoosha mkono kufuata stepla kuna mtumishi wa ndani ameshatangulia kuripoti kazini, hajaitwa, hajatumwa, wala hajawahi kudai posho. Na kwa wale waliokuwa na historia ya maumivu ya kiuno, mtumishi huyo alichelewa. Alikuja, ndiyo, lakini mkono ulikuwa umeshaondoka peke yake. Tangu nijue hilo siwezi kumpungia mtu mkono bila kwanza kujishika tumbo kuona kama ameripoti, na njiani watu wameanza kuniuliza vidonda vyangu vinaendeleaje.

Dunia ya mazoezi ilipozipata habari hizo ilipagawa. Kila mahali watu wakaamriwa kuvuta kitovu ndani. Stuart McGill, wakati huo profesa wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, akasema hapana: usilivute tumbo, likaze lote, mbele, ubavuni na nyuma. Yeye ana mazoezi matatu anayoyapenda. La kwanza unalala chali, viganja chini ya kiuno, unainua kichwa na mabega kidogo tu, kiasi cha kupitisha daftari. La pili unalala ubavu na kujiinua kwa kiwiko. La tatu unapiga magoti na viganja sakafuni, unanyoosha mkono mmoja mbele na mguu wa upande wa pili nyuma, unatulia hapo. Hakuna kutulia zaidi ya sekunde kumi kwa mara moja, unapumzika, unarudia. Sababu yake imenikaa: ili usimame au utembee, misuli hii inatumia sehemu ndogo sana ya nguvu zake, ila inaitumia kutwa nzima. Inachohitaji ni ustahimilivu. Wale wanaojikunja mara mia moja alfajiri, kwa mtindo tuliofundishwa shule kwa filimbi, wanaziponda diski zao bila malipo.

Hata kukaa kwenyewe kuna kesi. Miaka ya 1960 daktari wa Sweden, Alf Nachemson, alipenyeza sindano ya kupimia ndani ya diski za watu walio hai, akaja na habari inayowafaa wauza viti mpaka leo: ukikaa, diski inabanwa zaidi kuliko ukisimama. Mwaka 1999 Wajerumani wakiongozwa na Hans-Joachim Wilke wakachapisha yao. Mtu mmoja alijitolea kuwekewa kipimo cha shinikizo ndani ya diski, akaishi nacho takriban saa 24: akalala, akapanda ngazi, akacheka, akapiga chafya. Akisimama kawaida, kipimo kilisoma megapaskali 0.5. Akikaa bila kuegemea, 0.46. Akijibwaga kwenye kiti kwa kulegea, mgongo umeegemea, 0.27. Mimi hizi namba nimeziandika nyuma ya kalenda, ile inayofunika ufa, nikiwasubiri wote waliowahi kuniambia "kaa wima".

Inayomuumiza mtu wa ofisini ni ile hali ya kukaa vilevile tangu chai ya saa nne hadi kengele ya kutoka. Diski ya mtu mzima haina mishipa ya damu. Maji yake yanaingia na kutoka kwa kubanwa na kuachiwa. Usiku, mzigo ukiondoka, inanyonya maji na kuvimba, ndiyo maana asubuhi mtu ni mrefu kuliko jioni kwa sentimita moja au zaidi. Wenye kimo cha mashaka wakapose asubuhi.

Mtaalamu wa fiziotherapia aliyenipa mazoezi haya aliniuliza kwanza maswali yasiyo na utani. Mguu unaishiwa nguvu? Ganzi katikati ya mapaja? Mkojo au choo kinakutoka bila kujua, au kinagoma? Jibu likiwa ndiyo, alisema, hapo hakuna cha mazoezi, ni hospitali, tena leo hii. Kwangu yote yalikuwa hapana. Akanibonyeza, akanigeuza, akaniuliza ninakaa saa ngapi kwa siku, nikamwambia, akaandika kitu ambacho hakunionyesha.

Mengine ya safari hii ni madogo. Mkanda wa mgongo nilionunua kabla sijamwona, ule wa kubandika, niliubandua kanisani wakati wa sala ya kimya. Mpira mkubwa wa mazoezi nilioazimwa ulitoka mlangoni, na Bukoba ni mji wa miteremko. Nyumbani nikijaribu planki, mtoto anapanda mgongoni, halafu anamwita mwenzake.

Huo mkanda, kwa taarifa yako, Shirika la Afya Duniani limeukataa. Desemba 2023 walitoa mwongozo wa maumivu sugu ya kiuno, na humo mazoezi yamependekezwa, mikanda haikupendekezwa. Tatizo lenyewe si la mtu mmoja wa Kagondo. Mwaka 2020 lilikadiriwa kuwapata watu milioni 619 duniani. Wala mazoezi ya tumbo hayana ufalme. Tafiti zilizoyaweka bega kwa bega na mazoezi mengine zinaonyesha kwamba muda ukipita tofauti inafifia. Kinachosaidia zaidi ni kufanya kitu, tena kukiendeleza. Mwaka 2024 Waaustralia, hao hao tena, walichapisha kwenye jarida la Lancet habari ya watu waliopona maumivu ya kiuno wakapewa mpango wa kutembea kwa miguu. Nusu ya waliotembea walifika siku 208 kabla kiuno hakijawarudi. Ambao hawakupewa mpango, siku 112. Nilipolisoma hilo nilimtazama mlinzi wetu, anayetembea kwenda na kurudi kazini kila siku na hajui fizio ni nini, nikanyamaza.

Na hapo ucheshi unaniishia kidogo, mtanisamehe.

Kila anayezungumzia kiuno cha mtu wa ofisini anakizungumzia kiuno. Imarisha tumbo lako. Nyoosha mgongo wako. Pangilia muda wako. Hakuna anayegusa kiti. Katika ofisi nyingi nilizoingia, kiti kinagawiwa kwa cheo. Mkubwa ana kile cha ngozi chenye mgongo mrefu na pa kulaza kichwa, na hakikaliwi na mtu, kwa sababu mkubwa yuko semina. Dada wa masijala, anayeinama kwenye majalada kuanzia saa moja na nusu, ana kiti cha mbao chenye mguu mmoja mfupi ulioinuliwa kwa kipande cha kandambili. Changu mimi kina springi iliyokata, kinazama chenyewe polepole. Nikianza barua nikiwa sawa na meza, nikifika "wako mtiifu" kidevu kiko kwenye kibodi. Nchi hii ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inayomdai mwajiri mazingira yasiyomdhuru mfanyakazi. Tuna pia kampeni ya mazoezi tangu mwishoni mwa 2016, Jumamosi ya pili ya kila mwezi, na ofisi yetu imeiitikia kwa moyo wote: fulana zimechapwa, tena za rangi mbili. Fungu la fulana lilipatikana. Barua yangu ya kuomba kiti ilirudi na dokezo: "Imeonekana. Asubiri fungu."

Mchana ule nilipolala chini, michango ya matibabu yangu ilivuka laki tatu kabla jua halijazama. Watu ambao huwa tunapishana nao bila salamu walituma. Mkubwa mwenyewe, huko huko semina, alituma, na jina lake likawekwa juu ya orodha kwa heshima. Kwa pesa hiyo fundi seremala angenitengenezea kiti cha haki, na cha dada wa masijala juu yake. Nimeyawaza haya usiku nikitafuta upande wa kulalia. Nikiwa karibu na kufa, nina watu, nina laki tatu, nina kijiko. Nikiwa hai na ninaomba kiti, nina dokezo. Mweka hazina ameniambia michango hairudishwi. Itakaa kusubiri msiba unaofuata, na amesema, akicheka, nisijisikie kuharakishwa.

Bibi alirudi kwa ajili ya mhuri wake. Safari hii alibisha, akaita, akasubiri mpaka nikaja kumfungulia. Nikamwona anavyoketi: mkono mmoja mezani, mwingine kiunoni, anajishusha kwa awamu. Kumbe chake kimeanza zamani, tangu enzi za kupalilia kahawa, na siku ile alikuwa amepanda kilima chote akiwa nacho. Nikampa kiti changu, nikamweleza zoezi, mikono hivi, miguu hivi, kila siku kidogo mchana ukipata nafasi. Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "nilale chali mchana, miguu juu, mimi? Ndizi atamenya nani?"

Akacheka, na nilipogonga mhuri akaukagua kwanza kama umeshika wino.

Viti vipya vimefika wiki hii. Ni vizuri kweli, vina mto wa kiuno, vinapanda na kushuka. Vimepelekwa chumba cha mikutano, na nailoni yake haitolewi mpaka aje mgeni rasmi kuvizindua. Nimeomba kukalia kimoja hata juu ya nailoni. Nimeambiwa chumba kimefungwa, ufunguo anao mtunza stoo, na mtunza stoo ana ruhusa ya ugonjwa. Anaumwa kiuno.